Wasifu wa Ukurasa Mmoja

Alhamisi, 9 Machi 2023. Muheza

Kaka amenipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu Mama. "Wewe ndiye mwenye kalamu," kasema, halafu akaongeza usizidi ukurasa mmoja, padre hapendi mambo marefu. Nimejibanza chumbani kwa shangazi, huko nje wanaume wanafunga maturubai na mvua inanyemelea.

Mpangilio kila mtu anaujua: kuzaliwa, ubatizo, shule, ndoa, kazi, maradhi, watoto na wajukuu. Alizaliwa 1946, kijiji cha jirani na misheni ya Magila. Alisoma hadi darasa la nne. Aliolewa 1965 na karani wa shamba la mkonge. Kufika kwenye kazi nimeandika "mama wa nyumbani" na kuruka mistari mitatu.

Mama Mdogo amechungulia. "Andika alikuwa anashona." Ni kweli alikuwa anashona. Alikuwa pia anasuka vikapu vya katani, anaoka keki kwa mkaa wa juu na wa chini, anatibu kuku, anapatanisha majirani waliogombania bomba. Ukurasa mmoja!

Ijumaa, 10 Machi, usiku

Tumemzika. Kaka kasoma vizuri, sauti imemkatika alipofika kwa wajukuu tu. Ile mistari mitatu nimeijaza kwa mmoja: alikuwa mchapakazi na mcha Mungu. Ndivyo wanavyosemwa marehemu wote wa hapa. Mwaka juzi nilisikia hayohayo juu ya mtu ambaye jua la saa nne halikuwahi kumkuta nje ya shuka.

Jumanne, 14 Machi

Wageni wametawanyika, nyumba imebaki na masufuria ya kuazima. Nataka kuandika habari ya gauni, maana nisipoiandika mimi hakuna atakayeiandika.

1983 ilikuwa zamu yangu ya kipaimara, na kitambaa cheupe hakikupatikana. Ndiyo miaka ile. Vita vya Kagera vilikwisha 1979 vikatuachia nchi mikono mitupu, mafuta yalipanda bei, mkonge ulidorora kwa kuwa dunia ilishahamia kwenye kamba za plastiki, na mshahara wa Baba ukadorora nao. Kisha mwaka huohuo serikali ikaanza kuwasaka wahujumu uchumi, na wenye maduka wakaficha hata kile kidogo walichokuwa nacho. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, nguo kwa kujuana. Sisi hatukujuana na mtu.

Mama akaenda kwa mwoka mikate mmoja wa mjini akarudi na mifuko ya unga wa ngano, ya pamba, yenye maandishi ya buluu ya Kiingereza. Alianza kwa kuifumua. Uzi wake hakuutupa, aliuviringisha kwenye gunzi la hindi. Mifuko akailoweka kwenye maji ya majivu, akaifua kwa majani ya mpapai kwa kuwa sabuni hapakuwa, akaitandaza majanini usiku ipigwe na umande, mchana jua. Siku nyingi. Ikawa myeupe kweli, isipokuwa yale maandishi, yaliyofifia tu na kukataa kutoka.

Mtu mwingine angeyageuzia ndani. Yeye alikata gauni ili maandishi yaangukie kifuani, mahali pa kuonekana kuliko pote, halafu akayadarizi juu yake kwa uzi uleule wa mifuko: asumini, kikonyo kikifuata mkunjo wa herufi, ua likikaa penye nukta. Usiku, kwa kibatari. Nilikuwa nalala nikimsikia anakata uzi kwa meno. Siku yenyewe mama mmoja wa mjini, mkewe mkubwa fulani, akamuuliza kitambaa kile kimetoka wapi. "Ng'ambo," Mama akajibu, na hakudanganya.

Gauni hilo halipo. Liliponibana alilipunguza likawa blauzi ya mdogo wangu, kisha foronya, kisha kitambaa cha kuchujia tui, na mwisho nadhani alisugulia kioo cha chemni. Vingi vyake vilikwenda hivyo. Tulivivaa, tukavila, tukavikalia mpaka vikaisha. Binti yangu ananiuliza kama kuna picha. Nani alikuwa na kamera?

Jumapili, 19 Machi

Nimekuta sandukuni kijitabu cha Chakula ni Uhai, ile kampeni ya elimu ya watu wazima ya 1975, watu wanakaa kikundi kusikiliza redio kisha wanajadiliana. Pembeni kwa penseli Mama amejaza maoni. Penye ushauri wa bustani ameandika: "maji ya vyombo". Kweli, mchicha wetu ulinyweshwa maji ya vyombo maisha yake yote.

Redio ndiyo iliyonikumbusha lingine. Mama na Mwana ikianza Radio Tanzania tulikusanyika mkekani wote. Kabla hadithi haijafika mwisho, Mama anazima. "Malizieni ninyi." Tunapiga kelele, tunalalamika, halafu tunamaliza, kila mtu na mwisho wake, sungura wa Kaka daima anakuwa mkuu wa polisi. Leo Kaka anadai sababu ilikuwa betri, zilikuwa adimu, tulikuwa tukizianika juani zipate nguvu ya siku mbili zaidi. Betri zilikuwa adimu, sikatai. Lakini mtu anayetunza betri haketi kusikiliza miisho mitano huku chakula kinaungua.

Nisimfanye malaika. Mshono ukipinda kidogo anaufumua wote mbele ya wenzako, na anakunyamazia mpaka usiku.

Jumamosi, 15 Aprili

Tumemaliza arobaini. Tumepika bada na mchuzi wa samaki, alivyopenda. Kanga zimegawanywa kwa wanawake bila maneno. Maneno yamezuka kwenye vitambaa vya makochi, vile vya kufuma, ambavyo alikuwa akivitia wanga wa muhogo mpaka vinasimama vyenyewe. Kila mmoja wetu alikuwa na hakika aliahidiwa yeye. Nadhani alituahidi wote, ili tuvitunze.

Cherehani ya miguu wifi amesema iuzwe, vyuma vina bei siku hizi. Mama Mdogo akamkatiza kwamba inakwenda kwa mjukuu anayejifunza ushonaji Tanga, na akanyanyuka kwenda kuosha vyombo, mjadala ukafa hapo. Mjukuu mwenyewe ameikagua kama fundi: mkanda umekauka, kibao kimeliwa na mchwa, chuma kizima. Katika droo amekuta gunzi la hindi lenye uzi mweupe akaniuliza kama anaweza kuutumia. Nimemwambia autumie, ila aujaribu kwanza kwa kuuvuta, uzi wa siku nyingi hukatika.

Fundi wa mkanda anakuja Jumatatu. Amesema elfu kumi na tano. Nitampa kumi.