Twisti ya Katambuga

Elvis Presley tulimwona kabla hatujamsikia. Picha yake ilikatwa gazetini na kubandikwa kwenye ukuta wa kibanda cha fundi cherehani pale Didia, nywele zimelazwa kwa mafuta, mdomo umepinda upande mmoja, kola ya shati imesimama. Sisi watoto tuliambiwa ni mtoto wa tajiri wa almasi wa Mwadui, tukaamini. Fundi mwenyewe hakujali ni mtoto wa nani. Mteja akija anataka shati la kisasa, fundi alinyoosha kidole ukutani na kumuuliza, "Kola ya huyu, au ya kawaida?"

Kwa hiyo ukiniuliza rokenroli ilifikaje kwetu Usukumani, nitakuambia ilianza na kola. Sauti ilikuja baadaye kidogo, na ilipofika ilikuwa imeshabadilisha jina njiani. Sisi tuliiita twisti, tukajua imetoka Nairobi, na hapakuwa na mtu wa kutuambia vinginevyo.

Kama hujapita Didia, ipo kwenye njia ya kutoka Shinyanga kwenda Tinde. Nchi ni tambarare, migunga na mibuyu huku na huko, udongo mweusi wa mbuga unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi wakati wa kiangazi. Miji ya enzi zile ilikuwa mbalimbali, kila mji na ua wake wa minyaa, na jioni ukisimama nje unasikia kengele za ng'ombe wakirudi na kunusa moshi wa samadi inayochomwa kufukuza mbu. Hapo ndipo muziki ulipofika, juu ya keria ya baiskeli.

Aliyeuleta kwetu ni mjomba wangu. Vijana wa rika lake walikuwa na njia mbili za kutafuta fedha mbali na nyumbani. Wengine walikwenda Geita kwenye dhahabu, mpaka mgodi ule ulipofungwa mwaka 1966. Wengine walikwenda Mwadui, kwenye almasi aliyoigundua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mjomba alikwenda Mwadui. Aliporudi likizo alikuja na blanketi, sabuni yenye harufu iliyojaza nyumba nzima, na sanduku lililofungwa kwa kamba za katani ambalo hakuruhusu mtu aliguse. Ndani mlikuwa na gramafoni.

Ngoja nikueleze ile gramafoni, maana wajukuu zangu hawanielewi. Haikuhitaji umeme wala betri. Unazungusha mkono wa chuma ubavuni mpaka springi ikaze, unaweka santuri, unateremsha kichwa chenye sindano polepole, halafu unasubiri. Kabla ya muziki palikuwa na mkwaruzo, shshsh, na katika mkwaruzo ule watu wote walinyamaza, hata waliokuwa wanagombana. Santuri zile nzito, za mizunguko 78 kwa dakika, zilikuwa zinavunjika ukizitazama vibaya. Springi ikilegea, mwimbaji anaanza kuzubaa, sauti inashuka, inakuwa ya mzee, na mjomba anarukia mkono kuzungusha kabla mtu hajafa katikati ya wimbo. Sindano zilikuwa zinakwisha na dukani zilikuwa adimu. Binamu yangu alichonga mwiba wa mgunga, akauchomeka mahali pa sindano. Ukapiga! Sauti ilikuwa ndogo na laini zaidi, lakini ukapiga.

Santuri za kwanza za mjomba zilikuwa za Kicuba, zile zenye herufi GV na namba, ambazo wazee wa mjini walizitaja kwa namba tu bila kuhitaji jina la wimbo. Alikuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro. Alikuwa na Jean Bosco Mwenda wa Katanga, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952, gita moja likilia kama mawili, na Kiswahili chake cha Kongo tukikisikiliza kwa makini ili kunyaka kila neno. Halafu likizo moja, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaja na santuri za Equator kutoka Nairobi: Fadhili William, Daudi Kabaka, na wale wawili waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Gita lilikuwa la umeme. Lilikatakata, likarukaruka, likawa na haraka ambayo rumba haina. Ndani yake mlikuwa na kwela ya Afrika Kusini, na mlikuwa na rokenroli ya Marekani, na juu ya vyote Kabaka akiimba Kiswahili ambacho bibi yangu, aliyejua Kisukuma tu, alikifuata kwa kichwa.

Basi siku za mavuno, pamba imeshauzwa kwa chama cha ushirika, watu wana fedha, uwanja ukafagiwa na kumwagiwa maji ili vumbi litulie. Karabai ikatundikwa mtini, inavuma na kunuka mafuta ya taa, wadudu wanajigonga kwenye kioo. Vijana wakaja na mashati ya kola ya ukutani na suruali za kubana, na miguuni katambuga, kwa sababu viatu vya ngozi alikuwa navyo mjomba peke yake. Hebu fikiria twisti inayochezwa kwa ndara za tairi la lori. Unasokota kisigino na raba inakwaruza ardhi kavu, krrr, krrr, krrr, watu wote kwa pamoja, mpaka mkwaruzo ule ukawa ala ya bendi. Mimi hadi leo nikisikia twisti isiyo na mkwaruzo wa katambuga naona imepungukiwa. Maji yalikauka upesi, vumbi likapanda mpaka kwenye karabai. Bibi alisimama kando na mkongojo wake, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ng'wanone, hawa wanakanyaga udongo wa kukandika nyumba. Nyumba yenyewe iko wapi?"

Wazee wengine hawakucheka. Msimu ule ndio wa ngoma, na kwetu ngoma ni jambo la heshima kubwa. Wasukuma tuna Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyoshindana tangu enzi za Ngika na Gumha, na ushindi hautolewi na majaji. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, upande huu na upande ule wa uwanja, na yule anayevuta watu wengi zaidi ndiye ameshinda. Ndiyo maana manju, kiongozi wa kundi, alikuwa na dawa zake, na nyoka, na vituko vya kila aina. Sasa fikiria uchungu wa manju aliyejiandaa mwaka mzima, halafu anaona vijana wanakimbilia sanduku la mbao linaloimba peke yake.

Manju wa kwetu hakulalamika. Mwaka uliofuata aliwaingiza wachezaji wake wa bugobogobo uwanjani na majembe yao, wakayarusha na kuyadaka kama kawaida, na katikati ya wimbo, ngoma ikakata ghafla, wote wakashuka kwa magoti huku wakisokota visigino, jembe begani. Uwanja ulilipuka. Gramafoni ya mjomba siku ile ilimwimbia mbwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima nafanya kazi Mwanza, ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma kuhusu mambo yaliyokuwa nyuma ya ile kola. Nikajifunza kwamba mtangazaji Alan Freed wa Cleveland ndiye aliyelisambaza jina la rokenroli redioni kuanzia mwaka 1951, lakini muziki wenyewe ulikuwa umeshakuwepo mikononi mwa Weusi. Kulikuwa na mama mmoja wa kanisani, Sister Rosetta Tharpe, aliyelipiga gita la umeme kwa namna ambayo wavulana wengi waliomfuata waliiga. Wimbo uliomtoa Elvis kule Memphis mwaka 1954 ulikuwa wa Arthur Crudup. Ule wa mbwa, uliomjengea jina mwaka 1956, Big Mama Thornton alikuwa ameshaurekodi miaka kadhaa nyuma. Hata twisti yetu aliitunga Hank Ballard, kisha Chubby Checker akaichukua mwaka 1960 na dunia nzima ikasokota visigino. Nilikasirika niliposoma hayo, na hasira ile haijaisha. Mwenye wimbo anabaki nyuma, na wimbo unapanda gari.

Lakini lililonigusa kuliko yote ni pamba. Wale watu wa Mississippi walioanzisha blues, mama yake rokenroli, walikuwa wachuma pamba. Muddy Waters aliacha shamba la pamba mwaka 1943 akaenda Chicago. B.B. King alichuma pamba kabla ya kushika gita mjini Memphis, na Memphis yenyewe ulikuwa mji wa soko la pamba. Nami nimekua na pamba, najua magunia yake yanavyonuka na vifuko vyake vikavu vinavyokwangua vidole. Tofauti ni kubwa na sitaki kuificha: wao walichuma katika mashamba ya watu wengine, na deni halikwisha; wazee wetu walilima ardhi yao na kufikia mwaka 1955 walikuwa na Muungano wao wa vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani. Fedha iliyonunua gramafoni nyingi za Usukumani ilikuwa fedha ya mkulima mwenyewe. Hata hivyo nikisikiliza Muddy Waters usiku, namsikia mtu ninayeifahamu kazi yake.

Na kuna safari ya kurudi ambayo huwa inanifurahisha. Mwaka 1968 kundi la Waingereza, The Tremeloes, lilirekodi "Helule Helule" ya Daudi Kabaka. Yaani muziki ulitoka Marekani ukaja Nairobi, Kabaka akaushona upya, na Uingereza ikauchukua kutoka kwake.

Siku hizo na sisi tulikuwa na bendi zetu. Western Jazz ilikuwa Dar es Salaam, lakini tuliihesabu yetu, kwa sababu Iddi Nhende aliyeianzisha mwaka 1959 alikuwa mtu wa Nzega, hapo jirani tu, na mtindo wao wa saboso ulitufanya tutembee vifua mbele. Tabora walikuwa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe. Bendi ya Tabora ikishuka stesheni ya Shinyanga, habari ilifika Didia kabla ya mabegi yao kushushwa. Tulikwenda kwa baiskeli, viatu vimefungwa kwenye keria visichafuke, tunaosha miguu nje ya ukumbi. Kishindo cha besi ukikisikia mara ya kwanza kikiingia kifuani, hukisahau.

Kisha mambo yakaanza kubadilika. Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 suruali za kubana na vimini vikawa vitu vya kufukuziwa barabarani kule Dar es Salaam. Mwaka uleule mkoa wa Pwani chini ya Mustafa Songambele ukapiga marufuku muziki wa soul. Didia hakuna aliyekuja kupima suruali ya mtu. Lakini fundi cherehani alisikiliza redio, akawaza, akambandua Elvis na kumweka Mwalimu Nyerere. Mwalimu alivaa suti za kola ya kusimama, kwa hiyo kazi ya kidole cha fundi iliendelea.

Mwaka 1974 tulihamia kijiji cha pamoja, kila mji ukaacha minyaa yake. Santuri za mjomba zilisafiri chini ya magunia ya mtama, na tulipozifungua nyingi zilikuwa vipande. Mjomba aliviokota kimoja kimoja, akivisoma lebo. Mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, na Nairobi ndiko santuri zetu zilikokuwa zikitengenezwa, hata za bendi za Tanzania. Zikaja kaseti, zikaja suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, ikaja lami. Leo kila bodaboda ya Didia ina spika, na muziki wa dunia nzima uko mfukoni mwa mtoto wa shule. Sioni ubaya. Ninachokikosa ni kule kusubiri, kukaa kwenye vumbi na watu wa miji yote ya jirani, wote tukiutegemea mkono mmoja uzungushe springi.

Mwaka jana tulikuwa na harusi ya ukoo. Ngoma ilipopamba moto, mke wangu na wanawake wa rika lake wakaingia uwanjani, na walipofika katikati wakashuka kwa magoti, wakasokota visigino. Mjukuu wangu, anayesoma chuo, alikuwa anarekodi kwa simu. Akaniambia ataandika kuhusu mchezo ule wa asili wa Kisukuma. Nikamweleza habari za Hank Ballard, Chubby Checker, Daudi Kabaka na gramafoni ya mjomba. Hakuamini. Akamwita bibi yake aje kuamua. Mke wangu alikuja anahema, anajifuta jasho kwa kitenge, akasikiliza pande zote mbili, akasema yeye huyo Checker hamjui. Ule mchezo alifundishwa na Bagalu, mwaka ambao manju aliwashinda watu wa gramafoni.