Chatu wa Ngano

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani wa mizani. Msimu wa pamba ulipofunguliwa nilisimama mbele ya ghala, mizani ikining'inia usawa wa uso wangu, nikitamka kilo kwa sauti na kuandika risiti. Mimi nilitazama mshale, mkulima alinitazama mimi. Pamba safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule, na kila furushi la fifi lilikuwa na ugomvi wake. Watu wa Maswa wanaponiuliza imekuwaje mwanaume mzima, tena Msukuma mwenye ukoo wa wafugaji, kumalizia maisha yake akipinda maandazi yawe nyoka, huwajibu kwamba nilichoka kutazamwa kama mwizi. Nilitaka kutazamwa na watu wenye mate mdomoni.

Utamu wenyewe niliukuta nyumbani. Mayu, yaani mama yangu, alikuwa akiuza vyakula stesheni ya Malampaka, kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928. Treni ikisimama, akina mama walipandisha beseni hadi dirishani: karanga za kuchemsha, mayai, mahindi, na upande wa mayu, matobolwa. Msomaji wa pwani nimweleze. Kiazi kitamu kikikatwa kibichi na kuanikwa, hiyo ni michembe. Ni chakula cha kungojea njaa, kinachemshwa na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa. Lakini kiazi kikichemshwa kwanza, kikamenywa, kikakatwa vipande virefu na kuanikwa juu ya majabali yetu mpaka kinywee, hilo ni tobolwa, na tobolwa ni starehe. Hulitafuni. Unaliweka shavuni linalainika kidogo kidogo, nawe unaendelea kuchunga ng'ombe. Ndiyo pipi ya kwanza niliyoijua, na haikuwa na chembe ya sukari ya dukani.

Mayu alichemsha viazi vyake kwa moto mdogo, chungu kimefunikwa, na hakuruhusu mtu kuchochea. Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba kiazi kitamu kikipata joto polepole, wanga wake hugeuka sukari, na kikipelekwa mbio kinabaki na unga mwingi kuliko utamu. Yeye alisema tu kiazi hakipendi kuharakishwa. Abiria wa kutoka Dar es Salaam walichungulia beseni wakauliza, "Mama, hii ni nyama kavu?" Alikata kipande akawapa. "Onja kwanza, halafu uulize." Wengi wao walionja na kununua, swali wakalisahau.

Nilianza ukarani mwishoni mwa miaka ya sabini. Vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa tangu 1976, pamba ikinunuliwa vijijini kwa niaba ya Mamlaka ya Pamba. Kisha ikaja vita ya Kagera, na baada ya vita ikaja ile hali ya uhaba wa bidhaa ambayo waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa. Sukari ikawa kitu cha kibali. Mwenye harusi aliomba kibali, mwenye msiba aliomba kibali. Mwaka 1983, serikali ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu walisimuliana habari za magunia yaliyomwagwa usiku na wenye maduka waliokuwa na hofu. Sisi tulirudi kwenye matobolwa, na kwenye sukari guru kila ilipopatikana.

Katika miaka hiyo ya uhaba nilijifunza kutengeneza gubiti. Hata sasa naona ajabu kwamba niliijua pipi ya sukari wakati sukari yenyewe haipo, lakini kitu adimu humfanya mtu asome kwa bidii. Shangazi yangu wa Shinyanga mjini alikuwa akipata nusu kilo hapa, robo pale, na hakutaka iishie kwenye chai. Alichemsha sukari na maji, akakamulia ndimu kidogo ili shira isigande kuwa chembechembe, kisha akadondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Tone likiwa laini, bado. Likigonga kikombe likalia "ti", limeiva. Akaimimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, na ilipopoa kiasi cha kushikika, akaitundika kwenye msumari wa ukutani na kuivuta. Unavuta, unakunja, unarudisha msumarini, unavuta tena. Ile shira ya rangi ya chai huingia hewa, ikaanza kung'aa, ikawa nyeupe mbele ya macho yako. Mkasi, kat, kat, kat, na watoto wa mtaa mzima wako mlangoni. Viganja viliungua, lakini sijawahi kuona mchezo mzuri zaidi unaofanywa na mtu mzima bila aibu.

Shinyanga ndiko pia nilikoingia bekari kwa mara ya kwanza nikapita kaunta, hadi nyuma. Nilikuwa nimetumwa kupeleka hesabu za msimu, nikalala kwa shangazi, na usiku harufu ikaniamsha. Mafundi walikuwa vifua wazi. Donge la ngano lilikuwa limelala chini ya magunia tangu jioni, hamira ikifanya kazi yake. Tanuri lilikuwa la matofali, la kuni. Walilichoma mpaka kuta zikawa na joto la kutosha, wakakokoa makaa, wakasugua sakafu yake kwa gunia lililoloweshwa maji, kisha fundi mkuu akarusha ngumi ya unga ndani. Unga ukageuka mweusi mara moja. "Bado lina hasira," akasema, akaketi kuvuta sigara yake. Baada ya muda akarusha tena, na safari hii unga ukageuka hudhurungi taratibu. Ndipo makopo ya mkate yalipoingizwa kwa ubao mrefu.

Kulipokucha alinipa keki iliyovunjika kona. Nikataka kulipa, akakataa: "Iliyovunjika haina bei, karani. Hii ndiyo yenye habari. Nzima inakuonyesha uso tu." Tangu siku hiyo bekari naipima hivyo. Popote kazi iliponipeleka, Kahama, Mwanza, Tabora, nilifika bekari kabla ya kufika ofisini, na niliomba kilichovunjika. Fundi anayekupa bila kusita anajua ndani ya mkate wake kukoje. Anayeficha vilivyovunjika, mimi huwa nanunua chumvi na kuondoka.

Vyama vya ushirika viliporudi katikati ya miaka ya themanini nilipelekwa kozi Chuo cha Ushirika Moshi. Walimu walitufundisha uwekaji hesabu, nami jioni nilikwenda mjini kusoma vioo vya bekari. Upande wa kusini mwa mji kuna mashamba ya miwa ya TPC, na kwa mtu aliyetoka katika nchi ya vibali, kuona miwa imesimama hadi upeo wa macho ilikuwa kama kufika ziwani kwa mara ya kwanza. Nilirudi Maswa na cheti, na pia na kijitabu kilichojaa vipimo vya skonzi, hafkeki na keki za vikombe. Cheti sijui kiko wapi.

Zanzibar nilifika baadaye, kwa harusi ya mtoto wa rafiki niliyesoma naye Moshi. Hapo nilinyenyekea. Nilimkuta mzee akisonga halua kwa mwiko mrefu kama kasia, wanga, sukari na samli vikizunguka pamoja, na alisonga asubuhi nzima pasipo kuinua kichwa. Nikamwuliza anajuaje imeiva. "Itaacha sufuria yenyewe, mwanangu." Asubuhi zote nilizokaa huko nilinunua mkate wa boflo ukiwa bado unachoma vidole. Hata hivyo lazima niseme ninachoamini: halua ni kitu cha heshima, inakaliwa kwa kanzu na kahawa. Haichezi. Nilitaka utamu wa kumchekesha mtoto aliyetoka kuchunga.

Mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua pamba, na haukupita muda mrefu ghala letu likabaki na mizani bila mafurushi. Sehemu ya haki zangu nililipwa, nyingine ilipotelea kwenye mafaili. Nilinunua karai, trei, gunia la ngano, nikapanga kibanda hapa Nyalikungu, Maswa, karibu na stendi. Mke wangu alinitazama siku kadhaa kabla hajasema neno. Kisha akasema, "Kama umeamua kupika, basi pika vitu ambavyo mimi siwezi." Maandazi ya kawaida yalikuwa kila kona. Yeye mwenyewe anapika mazuri kuliko yangu, na ndivyo ilivyo hadi leo.

Hapo ndipo chatu alipozaliwa. Usukumani tuna Bayeye, wacheza ngoma wanaocheza na nyoka na kujua dawa za sumu yake. Siku za sikukuu ya Bulabo kule Bujora, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanaposhindana kuvuta watazamaji, atokeapo chatu hai shingoni mwa mchezaji, uwanja wote unahama upande huo. Nikajiuliza: kama nyoka anauza ngoma, kwa nini asiuze andazi?

Unga wa ngano, hamira, sukari, maziwa ya mgando, iliki, na kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa, ambacho humfanya chatu awe laini hadi kesho yake. Unakanda, unaacha uumuke, unasukuma kamba ndefu, unaikunja. Siri iko kwenye mkunjo. Ukimkaza, tumbo linabaki bichi huku ngozi imeungua, kwa hiyo acha nafasi ya kidole kati ya duara na duara, maana akiumuka ataijaza mwenyewe. Macho ni choroko zilizolowekwa. Ulimi ni nusu ya karanga. Mafuta ni ya pamba, kwa kuwa mbegu ya pamba ninayoifahamu maisha yote haikukubali kuniacha: nilipoacha kuipima, nikaanza kukaangia. Yawe yaliyosafishwa lakini. Yale meusi ya moja kwa moja kutoka kwenye mashine ni machungu, na sidhani kama mtu anapaswa kuyala.

Baada ya chatu akaja nungunungu, wa kuoka. Huyu ni kwa heshima ya Banunguli, wawindaji wa nungunungu ambao nao wana ngoma yao. Unafinyanga kidonge chenye pua, kisha kwa ncha ya mkasi unachana mgongo mstari kwa mstari, na miiba inasimama yenyewe. Tanuri sikuwa nalo, nilioka kwenye sufuria yenye mchanga, makaa chini, na mengine yamepaliwa juu ya mfuniko. Miiba huwahi kuiva ikawa migumu, mgongo unabaki laini. Watoto huanza na miiba. Watu wazima huanza na kichwa, sijui kwa nini. Kashata nazo nilizikata mabehewa: za karanga ndiyo mizigo, za ufuta ndiyo abiria, ukinunua treni nzima nakuongezea injini ya sukari guru.

Biashara hii inafuata pamba kama zamani. Wakulima wakilipwa, baba anayepita stendi akitoka kuuza hununua vyote bila kuuliza bei, na siku mbili tatu mji una sura ya sikukuu. Masika yakianza, hela hakuna na kashata zinatoka jasho. Sukari huvuta maji hewani, hakuna ubishi nayo, unafunika ndoo na kutengeneza kidogo. Miezi hiyo nilitembelea wengine: mama wa Malampaka mwenye vitumbua, kijana wa Bariadi aliyenunua oveni ya umeme na kunikaribisha nione mikate ikipanda nyuma ya kioo kama watu wanavyotazama mpira. Nilikaa kwake hadi usiku. Mke wangu aliamini nimekwenda kuoa.

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 na kututoa Shinyanga, Bariadi ikawa makao makuu na safari zikapungua urefu. Vijana wa hapa Maswa wakapata kiwanda cha chaki, Meatu wakapata cha maziwa, na mwaka 2018 maonyesho ya wakulima ya Nanenane kitaifa yakafanyika Nyakabindi. Nilipeleka nyoka. Jirani zangu wa banda walikuwa na matrekta. Waheshimiwa walipita kwenye matrekta wakiuliza maswali marefu, na walipofika kwangu walinyamaza, wakachagua, wakaondoka na chatu ndani ya karatasi. Mmoja alirudi kumchukulia mjukuu wa pili. Pale pale maofisa ugani wakanipa viazi lishe, vile vya nyama ya rangi ya chungwa, nijaribu. Chatu wangu sasa ni wa rangi ya dhahabu bila kutiwa rangi, na mama wa kliniki wananunua kwa sababu za afya. Watoto hawajui habari hiyo na sina mpango wa kuwaambia.

Siku hizi binti yangu ndiye mwenye karai, mimi nimebaki na mkasi wa miiba na meza. Vilivyovunjika tunavigawa bure saa za kutoka shule, kanuni ile ya Shinyanga. Tatizo ni kwamba wamejifunza. Juzi kundi lilifika, shikamoo guku, shikamoo guku, yaani babu, wakauliza kama kuna nyoka aliyekatika. Nikasema leo wote wazima. Wakatazamana. Yule mdogo kuliko wote akaegemea meza kwa kiwiko, taratibu, akinitazama usoni bila kupepesa, na trei nzima ikaenda chini. Binti yangu anataka tuweke kioo. Mimi nimemwambia tuongeze tu nyoka wawili kwenye kila mkaango, ila bado tunabishana.