Kosa la Mtoto: Wasifu wa Mwalimu wa Chekechea

Wasifu huu unamhusu mwalimu wa elimu ya awali aliyestaafu katika kipindi ambacho jina la Montessori limezagaa kwenye mabango ya shule za mijini, huku utaratibu wenyewe ukizidi kuadimika madarasani. Alizaliwa Tanga, akasoma shule ya msingi ambako jedwali la kuzidisha liliimbwa kwa pamoja na aliyekosea alinyoosha kiganja, kisha akajiunga na chuo cha watawa wa Kikatoliki katika milima ya Usambara.

Mfumo aliofundishwa humo uliasisiwa na Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua Nyumba ya Watoto ya kwanza katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907. Katika mfumo huo, mtoto wa miaka 3 hadi 6 huchagua mwenyewe kazi rafuni, akaifanya mkekani kwa muda autakao na kuirudisha mahali pake, ilhali mwalimu huandaa mazingira na kutazama. Katika darasa la kawaida, wote hufuata ubao mmoja, herufi moja na kengele moja.

Aliyemjenga mwalimu huyu ni mkufunzi wake, mtawa mzee aliyewataka wanachuo wafunge mikono nyuma mtoto anapokuwa kazini. Kifaa alichokipenda kilikuwa kipande kirefu cha mbao chenye matundu 10 na mitungi 10 ya kimo kimoja, inayotofautiana unene tu. Mtoto akiutumbukiza mtungi mwembamba katika tundu pana, mwishoni mtungi mnene hukosa pa kuingia, naye mtoto hulazimika kuichomoa mitungi na kuanza upya. Huo ndio udhibiti wa kosa, yaani uwezo wa kifaa kumwonyesha mtoto alipokosea bila mtu mzima kutia neno. “Mwanangu,” mkufunzi alizoea kusema, “ukimwonyesha tundu, umemnyang’anya somo.”

Mgogoro ulizuka alipoajiriwa. Mkuu wa shule aliamuru kabati la vifaa lifungwe visije vikachakaa, akaagiza kila mtoto awe na daftari la kunakili herufi, kwa hoja kwamba wazazi hawalipi ada ili watoto wao wacheze. Vifaa havikuchakaa kamwe. Vilibaki humo kabatini hadi mkuu huyo alipohamishwa, vikiwa vipya kama siku vilipoletwa.

Hata hivyo, hoja ya wapinzani wa mfumo huo wa Montessori haikukosa uzito. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu, na “ba, be, bi, bo, bu” ya kuimbwa imewatoa wengi ujinga wa kutosoma. Tena herufi ya msasa, ambayo mtoto huipapasa kwa vidole, haiwezi kumwambia kuwa ameitaja vibaya. Jibu la mwalimu, ambalo hadi leo hulibishania na wenzake, ni somo la hatua tatu: kwanza mwalimu hutaja, “hii ni m”, kisha huomba, “nionyeshe m”, mwisho huuliza, “hii ni nini?” Mtoto akikwama katika hatua ya pili hakaripiwi wala hasahihishwi, bali somo huahirishwa, kwa kuwa kukwama huko kumemweleza mwalimu alichohitaji kujua. Kiitikio cha darasa zima hakina habari hiyo, maana sauti za wanaojua humfunika asiyejua mpaka siku ya mtihani.

Kwa sababu hiyo, walimu vijana waache kujivunia rafu zilizojaa vifaa vya bei ghali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 imeifanya elimu ya awali kuwa ya lazima nchini Tanzania, na madarasa yanafurika, lakini kinachokosekana si vifaa. Fundi seremala wa mtaani anaweza kuchonga mitungi ile kwa mninga, lakini hawezi kumchongea mwalimu subira. Anayeshindwa kumwacha mtoto akosee akamaliza, na aling’oe bango la Montessori getini, afundishe kwa kengele na ubao bila kuwalaghai wazazi.