Kununua Shamba Kombani

Hapo Kombani, njia ya Kwale inapoachana na barabara kuu ya kutoka Likoni kwenda Ukunda, mtu huweza kununua shamba asubuhi moja. Karatasi huandikwa, mashahidi hutia sahihi, fedha huhesabiwa mara mbili, na mnunuzi hurudi kwake akijiona mwenye shamba. Karatasi hiyo ni ya lazima, lakini haihamishi ardhi.

Tena yafaa ajue amenunua nini. Kwa desturi ya pwani, minazi yaweza kuwa ya mtu mmoja na udongo wa mwingine. Wageni wengi wamelipia minazi wakidhani wamelipia ekari. Tena Wadigo walirithishana zamani kwa upande wa mama, na Uislamu ukawapa watoto haki yao. Basi muuzaji mmoja huweza kuwa na wana na wapwa, wote wakilitazama shamba lile lile. Mke naye ana neno: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza kuuza mali ya ndoa bila idhini yake.

Kwa hiyo safari ya kwanza ni kupanda Kwale kwenye ofisi ya ardhi, kutazama daftari lina jina la nani. Kisha, likiwa ni shamba la kilimo, bodi ya ardhi huombwa kibali katika miezi sita tangu mapatano. Bila kibali, kwa Sheria ya mwaka 1967, mauzo ni bure. Mnunuzi hubaki kudai fedha zake, nazo zimekwisha kuwa mabati ya nyumba na mahari ya mwana. Akishikilia kukaa shambani, aweza hata kushtakiwa.

Ushuru wa stempu ni juu ya mnunuzi: asilimia 2 shambani, asilimia 4 mjini. Muuzaji hutozwa asilimia 15 ya faida yake tangu Januari 2023, ila shamba la kilimo lililo nje ya mji na lisilofika ekari 50 limesamehewa. Wako wanaojiona werevu, wakaandika shilingi 300,000 mahali pa 800,000 ili kupunguza ushuru. Lakini mthamini wa serikali huja na bei yake mwenyewe. Na bodi ikikataa, mnunuzi atazidai zile 500,000 kwa karatasi ipi?