Maji ya Udhu na Maji ya Kunywa: Safari ya Kutoka Ihelele hadi Geita

Nchi iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria imejaaliwa dhahabu na almasi, lakini kwa miaka mingi watu wake wameishi na kiu. Kamati ya msikiti wetu ilipopokea ahadi ya mfadhili wa kuchimba kisima cha waqfu katika kijiji kimoja cha Geita, mimi na mzee mmoja wa kamati tulitumwa kwenda kupatazama mahali penyewe. Tukaona ni vyema kwanza tuifuate njia ya maji tangu ziwani, ili tujue wenzetu wa mijini wanakunywa nini, na wa vijijini wanakunywa nini.

Njia hiyo huanzia Ihelele, wilayani Misungwi. Hapo maji huvutwa kutoka ziwani, hutiwa dawa ya kukusanya tope lipate kutuama, huchujwa, kisha hutiwa klorini na kusukumwa kuelekea Shinyanga na Kahama. Mradi huu ulizinduliwa mwaka 2009, nao uligharimiwa na Serikali yenyewe. Haukuwa uamuzi mwepesi, kwa kuwa mkataba wa mwaka 1929 baina ya Misri na Uingereza ulikuwa umeipa Misri kauli kubwa juu ya maji ya bonde la Naili. Lakini Tanzania haikukubali kufungwa na mkataba uliotiwa saini na mkoloni. Baadaye bomba hilo likaendelezwa kutoka Solwa hadi Nzega, Igunga na Tabora.

Mjini Shinyanga, wazee wanaikumbuka vizuri enzi ya bwawa la Ning'hwa, ambalo hali yake hufuata hali ya mvua. Mvua ikikawia, mji mzima ulikuwa ukihangaika. Leo bomba limewaondolea wengi adha hiyo, na ni haki tumshukuru Allah na tuwashukuru waliolihangaikia. Hata hivyo, maji yaliyotoka Ihelele yakiwa salama yanaweza kuharibikia katika dumu lisilooshwa, katika pipa lisilo na mfuniko, au kwa kikombe kinachochotewa na kila mkono. Klorini iliyobaki ndani ya maji hulinda kwa muda tu. Chombo safi chenye mfuniko, na kuchemsha pale panapokuwa na shaka, ni wajibu wa kila nyumba.

Nje ya njia ya bomba hali ni nyingine. Katika sehemu nyingi za Shinyanga maji ya visima yana floridi itokayo katika miamba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo kwa muda mrefu, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia wakati yanapoumbika, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Hapa ndipo mazoea yetu yanapokwama: kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, floridi hubaki palepale, na kila kikombe huwa nayo zaidi kuliko awali.

Tukapita Kahama, tukaiacha lami nyuma yetu, tukaingia Geita kupitia Kakola. Ukikaribia maeneo ya wachimbaji wadogo, husikii kitu isipokuwa mlio wa makarasha yanayosaga mawe. Mawe yaliyosagwa hupelekwa kwenye mialo kuoshwa, kisha mchanga mzito huchanganywa na zebaki katika beseni ili dhahabu inate. Donge lipatikanalo huchomwa. Zebaki huruka kwa mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo ndio hatari ya kwanza, hasa kwa anayechomea nyumbani karibu na watoto. Mabaki ya mchanga, ambayo wenyewe huyaita marudio, hulundikwa, na mvua huyasomba hadi mtoni na bondeni. Ndani ya tope la chini ya maji, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, inayojikusanya katika samaki na kuudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa uchungu katika ghuba ya Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye sumu ya kiwanda ulitambuliwa mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki unaitwa kwa jina la mahali hapo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Pamoja na zebaki ipo aseniki, ambayo mara nyingi hukaa katika mwamba uleule wenye dhahabu. Watafiti wameikuta juu ya kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita katika baadhi ya vyanzo vya maji vya ukanda huu.

Katika kijiji tulichotumwa, mialo ipo upande wa juu wa bonde, na mahali palipopendekezwa kuchimbwa kisima ni upande wa chini. Mama mmoja alikuwa akiteka maji katika kisima kifupi cha jirani. Alituchotea, akasema, "Tazama, Ustadh, meupe kabisa, hayana harufu. Tunatawadhia haya haya, tunakunywa haya haya."

Maneno yake yalinirudisha katika somo la tohara tulilosoma chuoni. Wanazuoni wamekubaliana kwamba maji yakiingiwa na najisi ikabadilisha rangi, ladha au harufu yake, hayo ni najisi. Kwa kipimo hicho, maji ya mama yule hayana kasoro, na udhu wake ni sahihi. Lakini kipimo hicho kinahusu tohara. Floridi na aseniki hazina rangi wala harufu ndani ya maji, na ulimi hauzitambui. Sheria yetu haikuacha pengo hapa, kwa kuwa fiqhi ina kanuni nyingine mashuhuri, ya kwamba madhara huondolewa, na kuihifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia. Basi maji yanaweza kuwa tohara kwa swala na yasiwe salama kwa tumbo la mtoto. Hukumu ya kwanza tunaijua kwa macho, pua na ulimi. Ya pili huijui ila kwa maabara.

Mfadhili alitaka kisima kizinduliwe kabla ya Ramadhani, na baadhi ya wajumbe waliona kuchelewa ni kuipoteza sadaka. Baada ya mjadala mrefu tulikubaliana mambo matatu. Kwanza, sampuli za visima vya jirani zipelekwe maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, zipimwe floridi, aseniki na zebaki pamoja na vijidudu, kabla ya mtambo wa kuchimba kuitwa. Pili, kisima kikichimbwa, maji yake yapimwe tena kabla ya kufunguliwa, na baada ya hapo kila mwaka. Tatu, msikiti uwekewe mifereji na tangi la kuvuna maji ya mvua, yale ya mwanzo yanayoosha bati yamwagwe, na uchomaji wa dhahabu usifanyike karibu na paa hilo. Ikiwa kisima kitafeli vipimo vya kunywa, kitabaki na bomba la udhu na usafi, likiwa limeandikwa hivyo kwa herufi kubwa, na maji ya kunywa yatoke kwenye tangi.

Sayyidna Uthman, radhi za Allah zimshukie, alikinunua kisima cha Ruma, Madina, akakitoa kwa Waislamu wakati maji matamu yalikuwa adimu. Thamani ya sadaka ile ilikuwa katika maji yaliyofaa kunywewa. Enyi wafadhili na kamati za misikiti katika ukanda huu, kabla ya kuuliza gharama ya kuchimba, ulizeni gharama ya kupima, na muiandike katika bajeti ileile.