Migongo Yetu, Yoga na Ubao wa Theluji

Akina mama wenzetu, msishangae mkisikia kwamba wanawake watatu wa kwaya, wote wauguzi, wote wenye watoto wakubwa na miaka arobaini na zaidi, wamejifunga ubao miguuni na kuteremka nao kilimani juu ya theluji. Hata sisi tulijishangaa. Lakini kabla hatujafika kwenye theluji inatubidi tuanze na mgongo, maana ndiko mambo yote yalikoanzia.

Tunaishi Minnesota, Marekani, ambako baridi huanza mwezi Novemba na haiagi mpaka Machi, mara nyingine Aprili. Wawili wetu tumetoka Iringa na Makete, wa tatu ni wa Kisii, Kenya. Tulikutana katika ibada ya Kiswahili. Walutheri wa Saint Paul na Dayosisi ya Iringa wana uhusiano wa miaka mingi uitwao Bega kwa Bega, kwa hiyo Kiswahili hapa si kitu kigeni. Yule wa Makete alijigamba kwamba baridi anaijua tangu utoto, kwa kuwa kwao umande huganda kwenye majani. Mwaka wa kwanza tu alitiwa adabu.

Wote tulisomea stashahada ya uuguzi nyumbani, na hapa tunafanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Kule tulikosomea tulifundishwa kumnyanyua mgonjwa kwa kuhesabu: moja, mbili, tatu, haya! Jimbo la Minnesota lilitunga sheria mwaka 2007 inayotaka wagonjwa wanyanyuliwe kwa vifaa na mashine, si kwa migongo ya watu. Ni sheria nzuri. Lakini saa tisa usiku, mzee akiomba kupelekwa msalani na mashine iko upande wa pili inachajiwa, nani atamwambia asubiri? Tulinyanyua.

Mkubwa wetu ndiye aliyeanguka kwanza. Asubuhi moja ya mwaka 2017 aliinama kuvaa soksi, akabaki hapo hapo, hawezi kwenda juu wala chini. Mumewe alimvalisha viatu kama mtoto wa chekechea. Sisi wengine tulicheka kidogo, halafu tukakiri kwamba nasi tulikuwa tunameza dawa za maumivu kila zamu kama tunatafuna karanga. Wauguzi wazima! Sisi tunaowaonya wagonjwa kwamba ibuprofen ikizidi huchubua tumbo na kuumiza figo! Tulizimeza kwa sababu zamu moja ikipotea kuna ada ya shule isiyofika Kisii, na kuna mama huko Iringa atakayekosa dawa za presha. Maumivu tuliyazoea. Hofu yetu ilikuwa tusije tukaambiwa hatufai tena kazini.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alimpima mwenzetu, akamuuliza kama ana ganzi sehemu za siri, kama mguu umeishiwa nguvu, kama anashindwa kuzuia haja. Dada, ukiwa na mojawapo ya dalili hizo usisome zaidi, nenda hospitali leo. Vivyo hivyo kama mgongo unauma pamoja na homa, au unakonda bila sababu. Yeye hakuwa nazo. Basi akaambiwa jambo lililotukera sote: asilale kitandani. Atembee, aimarishe misuli ya tumbo, kiuno na mapaja, na akipenda ajiunge na darasa la yoga katika ukumbi wa jamii karibu na kwake.

Yoga! Tulitazamana. Hata hivyo ushauri ule haukuwa wa mtu mmoja. Mwaka huo huo wa 2017, American College of Physicians, chama kikubwa cha madaktari wa Marekani, kilitoa mwongozo kwamba mgongo unaouma kwa muda mrefu uanze kutibiwa bila dawa, na yoga imo katika orodha yao. Huko Boston, watu 320, wengi wao wa kipato cha chini, walifuatiliwa katika utafiti, na majuma 12 ya yoga hayakuwa nyuma ya tiba ya kawaida ya viungo. Si muujiza, bali ni nafuu. Ukikumbuka kwamba Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 619 wenye maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, hata nafuu hiyo si haba.

Tulienda watatu, Jumatano jioni, tukakaa safu ya nyuma karibu na mlango. Kuna zoezi la paka: unapiga magoti, viganja sakafuni, unatoa pumzi huku ukiukunja mgongo juu kama paka aliyeona mbwa, kisha unavuta pumzi na kuulegeza chini taratibu. Kuna la daraja, unalala chali, unakunja magoti na kuinua nyonga. Kuna mkao wa mtoto, paji la uso sakafuni, ambao mmoja wetu aliupenda mno hata akasinzia na kukoroma. Tuligundua kwamba nyonga zetu zilikuwa ngumu kama mlango wenye kutu, ndiyo maana kila tulipoinama kazi yote iliangukia mgongoni. Baada ya miezi miwili mkubwa wetu alivaa soksi mwenyewe akiwa amesimama. Alitupigia simu kutueleza.

Kanisani tulinyamaza kimya. Lakini kanisani siri haikai. Jumapili moja bibi mmoja tunayemheshimu sana, aliyetupokea sote tulipofika nchi hii, alituita pembeni akasema, "Wanangu, nasikia siku hizi mnalisalimia jua."

Tulitaka kucheka, tukashindwa, maana ni kweli. Kuna mfululizo wa mikao ambao jina lake la Kisanskriti maana yake ni kulisalimia jua, na tulikuwa tumeufanya mara kadhaa bila kuuliza. Kwa Wahindu wengi yoga ni njia ya kumtafuta Mungu, na neno lenyewe lina maana ya kuunganisha. Si heshima kwao wala kwetu kujifanya kwamba hayo hayapo. Tulirudi nyumbani tukasoma sura ya 8 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, pale Mtume Paulo anapozungumzia nyama iliyotolewa kwa sanamu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mmoja alisema kuinama ni kuinama, Mungu anaujua moyo. Mwingine alisema bibi yule ndiye ndugu dhaifu anayetajwa pale, tusimkwaze. Wa tatu akauliza, je, kama dhaifu ni sisi?

Hatukukubaliana, na mpaka leo hatujakubaliana. Mkubwa wetu aliacha darasa, akabaki na mazoezi ya mtaalamu wake wa viungo, ambayo, kusema kweli, mengine ni yale yale ya paka na daraja kwa majina mengine. Wawili wetu tuliendelea. Tulimweleza mwalimu kwamba nyimbo na maneno ya Kisanskriti hatutayatamka, naye hakuona vibaya. Wakati wa kulala chali kimya mwishoni, tunasali. Bibi tulimweleza yote. Alisema amesikia. Hakusema amekubali.

Sasa theluji. Kila majira ya baridi vijana wa kanisa huenda kwenye kilima kidogo kusini mwa Minneapolis, na kazi yetu kama wahudumu wa vijana ilikuwa kukaa ndani tukilinda mabegi na chupa za chai. Januari 2018 binti wa mmoja wetu, mwenye miaka 14, alitutazama tulivyojifunika mablanketi akasema, "Mama, ninyi mnatuambia tusiogope kujaribu, lakini mnajaribu lini?" Mtoto hana simile.

Ubao wa theluji ulianzia nyumbani kwa mtu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1965, huko Muskegon, Michigan, Sherman Poppen alifunga mbao mbili za skii pamoja ili mabinti zake wapate kitu cha kuchezea nje, na mkewe ndiye aliyekipa jina. Sisi tunamwelewa mama yule. Watoto wakifungiwa ndani siku nzima na baridi, baba akibuni chochote kitakachowatoa nje ni sadaka. Kufikia mwaka 1998 mchezo huo uliingia Olimpiki kule Nagano, Japani.

Siku ile ya kwanza hatukupata medali. Miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja, unasimama upande upande, unatazama juu ya bega. Kuanguka si shida, shida ni kuinuka. Unajikuta umekaa kwenye theluji kama gunia la mahindi, ubao uko mbele yako, na tumbo halina nguvu ya kukuvuta. "Anti, kunja magoti!" vijana walipiga kelele. Tulikunja, tukaishia hapo hapo chini. Mdogo wetu alijikinga kwa mkono akateguka kifundo. Vifaa vya kulinda vifundo vya mikono havikodiwi kwa urembo, wala kofia ngumu.

Mwaka mzima uliofuata tulijiandaa. Tulikuwa tumeona kwamba kuna mkao wa yoga uitwao shujaa, miguu umeitanua, goti la mbele umelikunja, macho yanapita juu ya mkono wa mbele, na ndivyo hasa mtu anavyosimama kwenye ubao. Kuna mwingine wa kukaa kama kwenye kiti ambacho hakipo. Huo tuliufanya jikoni tukisubiri chapati igeuzwe. Mwanzoni mapaja yalitetemeka kabla ya upande mmoja kuiva. Mkubwa wetu naye alichuchumaa na kuinuka kwa hesabu ya mtaalamu wake. Waume zetu walituona vichaa, ila mmoja alianza kuchuchumaa kwa siri bafuni, tulimsikia akiguna.

Januari 2019 tulipanda mkanda ule unaobeba wanaojifunza, watatu kwa mfuatano. Tulianguka mara nyingi sana. Lakini kila mara tuligeuka kifudifudi, tukapiga magoti, tukasukuma, tukasimama wenyewe bila mkono wa mtu. Mkubwa wetu aliteremka mpaka chini bila kuanguka mara tatu, akawa anapiga vigelegele njia nzima, watu wakageuka kutazama. Kesho yake sote tuliingia zamu ya asubuhi. Mapaja yaliuma, mgongo haukuuma.

Tangu hapo tunakwenda kila mwaka vijana wanapokwenda. Mgongo wa mmoja wetu bado hukorofisha akikesha zamu mbili mfululizo, na kuna siku dawa anameza, lakini kidonge, si kiganja. Mashine ikiwa mbali tunaifuata, mzee tunamwomba radhi asubiri kidogo. Bibi yetu ametangaza kwamba majira haya naye atakuja kilimani, ila tumsikie vizuri: anakuja kulinda chupa za chai.