Futari ya kuuza na kodi ya dada

Ramadhani iliyopita mimi na dada yangu tuliweka meza ya futari nje ya nyumba, Magomeni: mihogo ya nazi, tambi, kaimati, juisi ya ukwaju. Dada alikuwa na hesabu moja tu kichwani, kodi ya miezi sita.

Ugomvi wetu ulikuwa kwenye kiporo. Yeye alitaka mihogo iliyobaki magharibi iuzwe tena wakati wa daku. Nikakataa. Kazini naandika habari za kipindupindu, na Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Tena nazi huchacha upesi, hilo mama yeyote wa Pwani analijua bila kipimajoto.

“Mwenye nyumba nitamlipa kwa kipimajoto?” akaniuliza.

Tukapunguza mihogo, kilo tano badala ya nane. Siku nyingine tuliishiwa kabla ya adhana, wateja wakahamia meza ya jirani, na dada akafuturu bila kunisemesha. Hadi Idi ilipatikana kodi ya miezi minne. Miwili iliyobaki tunalipa nusu kwa nusu, na mwenye nyumba bado ananung'unika.